Sentimita Ishirini na Mbili

Simu ya tatu asubuhi hiyo ya Jumanne ilitoka zahanati ya mtaa wa chini, na mtabiri wa bahari alijua kabla ya kuipokea kwamba angetukanwa kwa adabu.

"Shikamoo, Mama," alisema mkunga mkuu.

"Marahaba. Wagonjwa hawajambo?"

"Wagonjwa wazima, ua ndio mgonjwa. Jana mlitangaza maji yataishia ngazi ya nne. Yamepita ya tano, yakailamba ya sita, na mtaro umenitapikia uani. Mashuka niliyoanika nimefua upya. Sasa nauliza tu, Mama: maji ya mtaa wetu hayajasoma utabiri wenu, au yamesoma yakapuuza?"

Mtabiri aliiweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hakuzoea kuchekwa. "Endelea," alisema.

"Nimemaliza ya jana. Nauliza ya Jumamosi."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza kichwa watu wote wa ofisi ile. Siku hiyo lingefika bamvua, yale maji makuu yanayojaa kupita kiasi mwezi unapokuwa mpevu, na hilo lilikadiriwa kuwa kubwa kuliko yote ya mwaka.

"Nina wazazi kumi na mmoja," mkunga aliendelea, "na wanne wamejifungua kwa kupasuliwa. Nikiwapandisha shule ya kule kilimani, mishono yao itanilaani. Nisipowapandisha na maji yakaja, nitalaaniwa na ndugu zao. Nipe neno moja: ukuta utavukwa au hautavukwa?"

"Ukuta wa barabara ya ufukweni una mita nne na sentimita kumi. Jumamosi maji yatafika mita tatu na sentimita tisini na sita. Hautavukwa."

"Una hakika?"

"Hesabu zetu na kipimo cha gatini vinafuatana kama mtu na kivuli chake."

"Kivuli nacho kuna saa hurefuka na saa hufupika, Mama," alisema mkunga, akakata simu.

Mtabiri alibaki ameshika mkono wa simu. Miaka ishirini na minane alikuwa ameifanya kazi hiyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuketi katika chumba kile, na alikuja na shahada mbili za hesabu wakati wanaume wa ofisi walipokuwa bado wakibishana kama bahari ina hesabu. Walimpa meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Aliikata mingine mitatu, meza ikakaa sawa, ikawa fupi, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemletea mchezo.

Mume wake alimpata kazini humohumo. Alikuwa mpimaji, mtu wa utepe na darubini, ambaye mji mzima ulimwita Nukta kwa sababu hakuwahi kuikata namba ili iwe nyepesi. Ukimuuliza umbali wa kwenda sokoni alikutajia mpaka hatua ya mwisho. Siku moja binti mpya wa hesabu alishuka gatini kumlalamikia kwamba vipimo vyake vinatofautiana na hesabu zake kwa sentimita tatu. Nukta hakubisha. Alimpa ncha ya utepe na kumwambia, "Shika hapa." Walipima pamoja, na kosa likaonekana kuwa la binti. Waliooana mwaka uliofuata ndio hao.

Nukta ndiye aliyekisimika kile kipimo cha gatini. Palikuwa na mkono wa chuma uliotokeza juu ya maji, na mwishoni mwake kifaa kidogo cha rada ambacho watu wa ofisi walikiita jicho. Jicho lilitazama chini, likapima umbali kutoka lilipo hadi juu ya maji, na kwa kuwa urefu wa jicho lenyewe ulijulikana, ilikuwa kazi ya kutoa tu kujua maji yamefika wapi. Urefu huo ulipimwa kutoka msumari wa shaba uliogongomelewa kwenye zege la gati, na Nukta aliweka sharti: mmoja apime, mwingine ahakiki, wote wawili wakiwa wamesimama palepale, kisha wote watie saini kitabuni. Alipofariki, miaka sita kabla ya habari hizi, watu walimzika na sifa hiyo. Hadi leo wapo wanaosema, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, kwamba nyumba ya Nukta haikosei namba.

Mjane wake hakuusikia utani uliokuwamo. Aliisikia heshima tu, akaitunza kama vyombo vya kabati la kioo.

Saa nne waliitwa mkutanoni. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mnene, mpole, aliyebakiza miezi minane astaafu, na aliyetaka miezi hiyo ipite kimyakimya kama mgonjwa anavyopishwa mlangoni. Mwingine alikuwa mtaalamu wa kompyuta, bwana wa makamo aliyepachikwa jina la Asilimia, kwa kuwa hata ukimuuliza kama ameshiba angekujibu kwa mia.

"Malalamiko yamefika tisa mwezi huu," alisema mkuu. "Zahanati, wavuvi wa kaa, yule mwenye ghala la saruji. Wote wanasema maji yanakuja juu kuliko tunavyotangaza. Mama, tatizo ni nini?"

Mtabiri alilifungua faili lake. Alikuwa na wiki tatu za kuhangaika ndani yake. Alianza na upepo: data za upepo hutoka mbali na hufika zikiwa zimechelewa saa sita, kama barua ya mdai. Alizichunguza zote, hazikuwa na kosa la kutosha. Akaja kwenye boya la bahari kuu, ambalo lilipaswa kutuma habari za mawimbi kila saa. Paneli yake ya jua ilikuwa imeibwa mara mbili, na mtu fulani alikuwa akisikilizia redio kwa umeme wa serikali. Setilaiti nayo ilipita kila baada ya siku kumi, na karibu na nchi kavu haikuona vizuri. Akaomba mkondo wa bandari upimwe kina upya, labda mchanga umehama. Ukapimwa. Mchanga ulikuwa palepale. Juzi aliamua kuiendesha modeli nzima, ile programu ya kompyuta inayokokotoa maji, upya kuanzia mwanzo wa mwaka, kazi ya saa tano. Umeme ulikatika ilipobaki dakika ishirini.

"Na mafuta ya jenereta?" aliuliza mkuu.

"Uliyaazima kwenda kwenye harusi, Mkuu."

Mkuu akakohoa.

"Tumetafuta kwenye upepo," alisema Asilimia, akitazama meza. "Tumetafuta kwenye mawimbi na chini ya maji. Nikipiga hesabu, asilimia tisini ya mahali pa kutafuta tumeshapamaliza. Kimebaki kitu kimoja hatujakigusa."

"Kipi?"

"Jicho."

Kila mtu alijua programu ya utabiri ilivyofanya kazi: kila alfajiri ililinganisha hesabu zake na kipimo cha gatini, kisha ikazivuta hesabu zikifuate kipimo. Kipimo kikipotoka, hesabu zote zingepotoka nacho, na vyote viwili vingekubaliana kwa furaha kama walevi wawili wanaoonyeshana njia.

"Jicho hilo lilisimikwa na nani?" aliuliza mtabiri.

"Namjua aliyelisimika, apumzike kwa amani."

"Na linatunzwa na nani?"

"Namjua pia."

"Basi tafuta kwingine."

Anayelitunza alikuwa binti yake wa pekee, fundi wa vifaa vya ofisi ile ile, ambaye bandari nzima ilimwita Spana. Alikuwa bado katika mwaka wake wa majaribio kazini. Asilimia alikuwa amelitaja jicho mara tatu ndani ya wiki tatu, na mara zote tatu alijibiwa hivyohivyo. Mtabiri hakuona kuwa anaficha kitu. Aliona kwamba anamzuia mtu asiingie na viatu vichafu katika nyumba safi.

Jumatano alishuka mwenyewe hadi zahanati. Hakwenda kuomba radhi. Alikwenda na utepe wa kupimia, akiamini kwamba wale watu hawakujua kuhesabu ngazi.

Zahanati ilikuwa jengo la chini, la rangi ya maziwa, lililokaa nyuma ya ukuta wa barabara kama mtu aliyejikunyata nyuma ya mlango. Ngazi kumi za zege zilishuka kutoka barabarani hadi majini. Mkunga mkuu alimpokea, akafuta mikono kwenye aproni.

"Karibu, Mama. Umekuja kuyaonya maji?"

"Nimekuja kuona mnavyopima."

"Sisi hatupimi. Sisi tunalowa." Lakini alimpeleka pembeni mwa ngazi, kwenye ukuta uliopakwa lipu. "Nilichoka kuambiwa naota. Nikaanza kuandika."

Ukutani palikuwa na jozi kumi na nne za mistari ya penseli, kila jozi na tarehe yake kwa mwandiko wa kwenye kadi za kliniki. Kila tarehe ilikuwa na mistari miwili: wa chini ni pale redio iliposema maji yataishia, wa juu ni pale yalipoishia kweli.

Mtabiri aliukunjua utepe akiwa na tabasamu la mwalimu anayesahihisha daftari la mtoro. Akapima tarehe ya kwanza. Sentimita ishirini na mbili. Ya pili, ishirini na mbili. Ya tatu, ishirini na moja. Halafu ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na mbili. Siku ya dhoruba, ishirini na mbili. Siku bahari ilipotulia kama mafuta kwenye sufuria, ishirini na mbili.

Tabasamu lilimtoka polepole.

Mtu asiye wa kazi ile angesema ni bahati mbaya inayojirudia. Yeye alijua zaidi. Kosa la upepo hucheza: leo kubwa, kesho dogo, keshokutwa hugeuka upande wa pili. Kosa la mawimbi hucheza vilevile. Kosa lisilocheza, linalokaa palepale jua liwake mvua inyeshe, ni kosa la mahali pa kuanzia kuhesabu. Ni mtu aliyepima kitambaa kwa futi iliyokatika ncha.

"Yalianza lini haya?" aliuliza.

"Mwezi wa pili. Kabla ya hapo mlikuwa mnapatia, hatuwezi kuwanyima haki." Mkunga alimtazama usoni. "Vipi, Mama? Umeona nini?"

Ukuta wenye mita nne na sentimita kumi. Maji ya tatu na tisini na sita. Ongeza ishirini na mbili. Hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya kwa vidole ilisimama mbele ya mwanamke mwenye shahada mbili, na kinywa chake kikakataa kuitamka. Angesemaje? Kwamba jicho la marehemu limekosea? Kwamba binti yake amekosea? Kwamba Asilimia, yule anayepima hata usingizi kwa mia, alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza?

"Hakuna kitu," alisema. "Nitakupigia."

Kutoka pale hadi gatini ni mwendo wa dakika kumi. Alitumia tano.

Spana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa gati na ovaroli lake la buluu, akipaka grisi kwenye minyororo. Alipomwona mama yake akija mbio na utepe mkononi, alicheka.

"Mama, mbona unakimbia kama umesikia msiba?"

"Huu mkono wa chuma," alisema mama yake akihema. "Huu sio ule wa baba yako."

"Sio. Mashua ya taka iliugonga ule, ukapinda. Nikaweka huu. Si nilikwambia?"

"Uliniambia umekarabati. Lini?"

"Mwezi wa pili."

Mama alipiga magoti kwenye msumari wa shaba, akamtia binti ncha ya utepe mkononi, wakapima hadi kwenye jicho. Mita saba na sentimita sitini na nane. Wakarudia. Ileile.

"Leta kitabu."

Kitabu kilikaa katika kisanduku cha bati, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Januari: mita saba na arobaini na sita. Februari: mita saba na arobaini na sita. Machi, hivyohivyo. Aprili, hivyohivyo. Mwandiko wa Spana ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo kulia, kama wa baba yake.

"Umenakili," alisema mama.

Spana alijifuta grisi kwenye paja, akafuta tena mahali palipokuwa safi. "Mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Wewe ulikuwa na mkutano, na peke yangu siwezi kushika ncha zote mbili. Mkono ulionekana sawa na ule wa zamani. Nikasema nitapima kesho. Nikaandika ya mwezi uliopita ili ukurasa usikae mtupu. Kesho ikawa kesho, na mwezi wa tatu nikanakili wa pili."

"Nyumba yetu! Mtu wa nyumba yetu ananakili kipimo! Baba yako angekuona..."

"Baba angekuja gatini, Mama."

"Unasemaje?"

"Tazama safu ya pili. Ya mhakiki."

Mtabiri alitazama. Februari, Machi, Aprili, na Mei ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, kulikuwa na saini ile ile, yenye mkia mrefu na nukta moja kali mwishoni. Alikuwa akiitia kwenye vyeti na barua kwa miaka ishirini na minane, na hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Nilikuletea mezani," alisema Spana. "Ulikuwa unaongea na simu. Hukuinua hata macho. Ukasaini, ukanipungia mkono niondoke."

"Ni kwa sababu ulikuwa wewe. Angekuwa mtu mwingine ningekuja."

"Najua. Ndiyo maana nilinakili. Angekuwa mtu mwingine ndiye mhakiki, ningeogopa."

Mama alibaki amepiga magoti, binti amesimama, na chini yao maji yakipanda, yakijua urefu wake bila kumuuliza mtu.

Alhamisi asubuhi mtabiri aliingia kwa mkuu wa kituo, akaufunga mlango, akamweleza yote. Mkuu alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka.

"Badilisha namba kwenye programu," alisema, "tuishie hapo."

"Haiwezekani. Utabiri ukiruka zaidi ya sentimita kumi na tano kwa siku moja, hautoki bila maelezo ya sababu yenye saini. Kanuni yako mwenyewe, Mkuu. Uliiandika baada ya ile kelele ya mwaka juzi."

"Aa, kanuni." Mkuu alijikuna shingo. "Basi sababu ipo. Andika: hitilafu ya kifaa chakavu. Kifaa kina miaka kumi na tisa. Nani atashangaa?"

"Kifaa hakina hitilafu."

"Mama, nisikilize kama kaka yako. Binti yako yuko kwenye majaribio. Wewe jina lako ndilo ofisi hii. Ukiandika uchakavu, lawama itamwendea aliyekisimika, na yeye amekwisha kututoka. Marehemu hafukuzwi kazi."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Mtabiri alitoka. Alikwenda kwenye meza yake fupi, akavuta karatasi, na jambo la kusikitisha ni kwamba aliandika. Aliandika "hitilafu ya kifaa chakavu" kwa mwandiko safi. Aliyaangalia maneno hayo mpaka chai ikapoa. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani saa tisa, mapema kuliko siku yoyote tangu msiba. Katika saa zote hizo simu ilikuwa pale mezani, na mara mbili alianza kubonyeza namba za zahanati. Mara mbili aliacha. Alijiambia hawezi kutoa neno ambalo ofisi haijalipitisha. Lilikuwa kweli, na halikuwa sababu.

Spana aliikuta karatasi juu ya meza ya kulia chakula.

"Hii nini?"

"Rasimu."

"Kifaa chakavu." Binti aliisoma mara ya pili, kwa sauti. "Mama, hiki kifaa mimi ndiye nakisafisha. Kinafanya kazi kuliko mimi na wewe. Unamsingizia baba?"

"Nakulinda wewe!"

"Unamlinda nani? Watu watasema Nukta alikosea. Mtu ambaye hata umri wangu alikuwa akiutaja mpaka siku! Nilipokuwa na miaka saba aliniambia nina miaka saba na siku mia moja na nne."

Mama alimnyang'anya karatasi. "Watasema nini juu yetu, mwanangu? Umeliwaza hilo? Kila nitakapopita: yule pale, aliyesaini bila kuangalia. Nimekaa miaka yote hii wasipate cha kusema."

"Sasa wamepata. Mficha uchi hazai, Mama, na Jumamosi wanaozaa ndio wako hatarini."

Lilikuwa jibu la utovu wa adabu, na kwa siku nyingine lingemgharimu. Siku hiyo mama alivuta karatasi nyingine. Aliandika: *Mwezi wa pili mkono wa kifaa ulibadilishwa. Urefu mpya haukupimwa. Aliyepaswa kuhakiki ni mimi, nami nilitia saini bila kufika gatini. Kwa hiyo tabiri zote za tangu wakati huo zilikuwa chini kwa sentimita ishirini na mbili.* Akaweka saini.

"Na mimi?" aliuliza Spana.

"Saini yangu inatosha."

"Haitoshi. Mimi ndiye niliyenakili. Andika, au nitaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu." Akaichukua kalamu, akaongeza mstari wake chini, kwa ule mwandiko wa kulala kulia.

Mtu angedhani kazi ilikuwa imekwisha. Ijumaa asubuhi mkuu aliisoma barua, akaguna, akasema haitoki bila idhini ya makao makuu. Makao makuu waliitaka kwa nakala iliyopigwa mhuri. Mwenye mhuri alikuwa amekwenda kumpeleka mtoto kliniki. Aliporudi saa saba, wa makao makuu alikuwa amekwenda kula, na alikula kama mtu anayechimba kisima. Asilimia, bila kusema "si nilikwambia," alikuwa ameshaingiza urefu mpya na kuiendesha modeli: mita nne na sentimita kumi na nane, ukuta kuvukwa kwa sentimita nane. Kutokusema kwake kulimwuma mtabiri kuliko kama angesema.

"Asilimia ngapi?" alimuuliza, kwa kujitesa tu.

"Safari hii sitaji, Mama," alijibu.

Idhini ilikuja saa kumi jioni. Redio iliisoma saa kumi na mbili, baada ya tangazo la sabuni. Msomaji aliruka namba zote, akasema kumekuwa na marekebisho madogo katika utabiri wa bahari. Mtabiri alipiga simu studio. Iliita mpaka ikakata. Akapiga zahanati. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika.

Jumamosi saa nane mchana alikuwa mlangoni pa zahanati, viatu mkononi, na Spana nyuma yake na magunia ya mchanga kwenye toroli. Waliikuta wodi ya wazazi tupu. Vitanda vilikuwa vimeinuliwa juu ya matofali, magodoro yamekunjwa, dawa zimepandishwa rafu ya juu. Mkunga mkuu alikuwa peke yake, akifagia kana kwamba wageni wanakuja.

"Wazazi wako wapi?" aliuliza mtabiri.

"Kilimani. Tangu Alhamisi."

"Alhamisi? Tangazo limetoka jana!"

"Tangazo lenu sikulingoja. Jumatano ulikuja hapa na utepe, ukapima mistari yangu ukiwa unacheka, ukamaliza umenyamaza. Nikasema, mwanamke huyu ameona jambo." Mkunga aliegemeza ufagio ukutani. "Ulisema utapiga. Nikakaa na simu siku nzima. Asubuhi nikaamua mwenyewe, kwa kubahatisha, bila gari, kwa machela za kuazima. Mmoja mshono umefunguka njiani, ikabidi ashonwe tena kwenye dawati la shule. Atapona. Lakini ungesema neno moja siku ile, ningepata gari, ningewapeleka kwa utulivu."

"Sikuwa na idhini," alisema mtabiri.

"Nilikuuliza umeona nini. Sikukuuliza idhini."

Palikuwa na majibu. Mtabiri alikuwa na shahada mbili na Kiswahili cha kutosha kujibu wakili. Alisimama na viatu vyake mkononi, na majibu yote aliyoyapata yalianza na kanuni.

"Nilikosea," alisema. Neno lilitoka kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nimesikia. Binti yako alinisomea barua yenu kwenye simu jana jioni, nusu saa nzima. Ndiye aliyekuwa akiitumia laini." Mkunga hakutabasamu, wala hakukunja uso. "Barua za kujieleza mtapewa?"

"Jumatatu. Sote wawili."

"Poleni."

Saa kumi na dakika ishirini maji yaliuvuka ukuta. Hayakuja kwa kishindo. Yalimwagika taratibu, kama maziwa yanayochemka yanavyopita ukingo wa sufuria, yakavuka barabara, yakaingia langoni, yakapita juu ya magunia ya Spana kana kwamba yaliwekwa kwa mapambo. Wodini yalifika kwenye vifundo vya miguu. Wanawake watatu walisimama humo sketi na ovaroli zimepandishwa, hakuna wa kuokolewa na hakuna la kufanya ila kungoja yapwe.

"Mita nne na kumi na saba," alisema Spana, akitazama simu yake. "Tumekosa kwa sentimita moja."

Hakuna aliyempongeza.

"Na kesho?" aliuliza mkunga.

Mtabiri alijinyoosha. Hilo angalau alilijua, na alilijua sawasawa. "Kesho saa kumi na moja na dakika tano jioni. Mita nne na sentimita kumi na mbili. Yatauvuka ukuta kidogo tu, sentimita mbili, na wodini hayatafika. Unaweza kuwarudisha Jumatatu asubuhi."

Alingoja. Penseli ilikuwa mfukoni mwa aproni ya mkunga, ncha yake ikionekana.

"Haya, tutaona," alisema mkunga mkuu, akainama kuokota ndala iliyokuwa ikielea. Hakuandika popote.